Siku moja maishani mwangu: asubuhi falsafa, mchana mdoli, usiku ambulensi

Saa 11:30 alfajiri
Naamka, nje Pittsburgh bado giza na theluji imeganda kwenye ngazi. Naweka maji ya chai na tangawizi, na wakati yanachemka napitia kadi za dawa nilizobandika juu ya sinki. Leo ni adenosini, dawa ya kutuliza moyo unaokwenda mbio, miligramu 6, isipokubali 12, na inasukumwa haraka na maji ya chumvi yanafuata nyuma yake papo hapo kwa sababu nguvu yake inaisha ndani ya sekunde chache tu. Naswali, nakunywa chai, natoka.

Watu wa nyumbani Tanga wananiuliza sana nasoma nini haswa. Nasoma chuo cha jamii, hapa Marekani ni vyuo vya miaka miwili, ada nafuu kuliko chuo kikuu, darasani unakaa na kijana aliyemaliza sekondari juzi na mama wa miaka 50 anayebadilisha kazi. Mi tayari nina leseni ya EMT, ile ngazi ya chini ya wahudumu wa ambulensi, natoa oksijeni, nafunga majeraha, nasukuma kifua, naendesha gari la wagonjwa. Sasa nasomea uparamediki, hapo ndo unaweka kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, unatoa dawa za mshipani, unapitisha mpira wa hewa kooni, unasoma mchoro wa moyo. EMT niliimaliza muhula mmoja, hii ya sasa ukijumlisha darasa, hospitali na gari inazidi masaa 1,000. Na ukitaka diploma kamili, sio cheti tu, lazima uchukue na masomo ya jumla. Mi nikachukua falsafa. Wenzangu wengi walikimbilia saikolojia, mi sijutii hata kidogo.

Saa 2 asubuhi
Darasa la falsafa, tuko 19. Wiki hii tuko na Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, akiwa gerezani Athens, amehukumiwa kufa, mwaka 399 kabla ya Kristo, mzee wa miaka 70 anasubiri kunyweshwa sumu. Rafiki yake Crito anaingia kabla hakujapambazuka, pesa za kuwahonga watu zipo, mahali pa kukimbilia papo, anamwambia twende. Na mzee anakataa. Anasema kwanza tukae tulipime hili jambo, kama ni haki au sio haki.

Profesa akauliza, mtu mwenye akili timamu akikataa kuokolewa wewe unafanyaje. Darasa likagawanyika pale pale. Kijana mmoja anasema hiari yake, basi. Dada mwingine anasema hapana, Crito alitakiwa ambebe tu kwa nguvu. Mi nilinyoosha mkono nikasema hili swali sisi tunakutana nalo karibu kila wiki, tuna na fomu yake kabisa, mgonjwa anasaini kwamba amekataa kupelekwa. Unamuuliza vitu vinne, jina lako nani, uko wapi, leo siku gani, nini kimetokea, akijibu vyote sawa na akaelewa hatari yake huna ruhusa ya kumgusa. Profesa akaniangalia akasema, sawa, lakini ukishajua kwamba anaweza kuamua, umejuaje anaamua kuhusu nini. Nikaandika hiyo pembeni ya daftari nikaipigia mstari, kusema kweli sikuielewa vizuri wakati ule.

Kitu kingine kilinigusa. Socrates alipokwisha kunywa sumu, yule mtu wa gereza alimbana mguu akamuuliza unasikia, akasema hapana, akapanda juu kidogo, ganzi inapanda kutoka miguuni kuelekea moyoni. Huo ni uchunguzi tunaofundishwa sisi, unaanza chini unapanda, unauliza, unasubiri jibu. Zaidi ya miaka 2,400 na mkono wa mtu unafanya kitu kile kile.

Saa 3:40 asubuhi
Basi linapita Hill District. Kila nikipita hapa nakumbuka, ufundi ninaousomea ulikuzwa kwenye mitaa hii. Zamani hapa Pittsburgh ukiugua ghafla ulibebwa na gari la polisi, au la watu wa mazishi, unatupiwa nyuma na hakuna wa kukushughulikia njiani. Mwaka 1967 ikaanza Freedom House, huduma ya ambulensi ya mtaa huu, na daktari Peter Safar, yule aliyetuachia njia ya kuokoa mtu kwa kusukuma kifua na kumpulizia pumzi, akasaidia kuwafundisha vijana weusi wa mtaa huu, wengi hawakuwa na ajira, kozi ya masaa 300 hivi. Wakawa miongoni mwa paramediki wa kwanza Marekani. Mwaka 1975 jiji likachukua kazi ile likaanzisha huduma yake, Freedom House ikafungwa, na wengi wa wale waliojenga kila kitu wakajikuta nje. Linaniuma, na nadhani kila anayevaa hii yunifomu alitakiwa afundishwe habari hii siku ya kwanza kabisa.

Saa 4 asubuhi mpaka saa 8 mchana
Maabara. Mdoli wa mazoezi kalala chini, moyo umesimama, mi ndo kiongozi wa timu. Kifua mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kina sentimita 5 au zaidi kidogo, adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 mpaka 5, shoti ya umeme, endelea, amiodaroni ya kutuliza mapigo miligramu 300. Mara ya kwanza nilichelewa kubadilisha msukumaji na kasi ikashuka, mwalimu akasimamisha zoezi tukaanza upya. Mara ya pili safi. Nakula wali na maharage niliyobeba kutoka nyumbani, nalala kwenye kiti robo saa.

Saa 9 alasiri
Shifti inaanza. Mwenzangu ni paramediki wa miaka mingi, mi naendesha. Tunakagua gari, oksijeni, betri ya mashine ya moyo, sanduku la dawa, kiti cha kushushia wagonjwa kwenye ngazi. Kwa Pittsburgh hicho kiti ndo mkono wa kulia, mji umejaa vilima, ngazi za umma peke yake zinazidi 700, na nyumba nyingi unapanda kwanza ndo ufike mlangoni. Masaa matatu ya mwanzo yalikuwa ya kawaida, bibi aliyeanguka bafuni, mtu wa kisukari aliyeshuka sukari akapewa glukosi akazinduka.

Saa 12:40 jioni
Hii ndo nataka kuieleza vizuri, na nimebadilisha vitu vidogo ili mwenyewe asijulikane.

Ghorofa ya tatu, mzee amekaa kwenye kochi, jasho kwenye paji la uso, mkono juu ya kifua. Presha 184 kwa 102. Mwenzangu akampiga mchoro wa moyo, haukuonyesha kitu cha wazi, na mchoro ukiwa hauna kitu haimaanishi moyo hauna kitu. Mtoto wa mzee, kijana mkubwa tu, anatafsiri. Mzee kasema kitu, kijana akageuka akatuambia kwa Kiingereza, anasema hataki kwenda. Mwenzangu akaeleza hatari zote vizuri, moyo unaweza kusimama, unaweza kufa usiku huu, kijana akatafsiri, mzee akatikisa kichwa. Maswali manne, yote kajibu sawa. Tablet ya fomu ikatoka.

Mimi nimesikia lafudhi, nikajua Bukavu, mashariki ya Kongo. Hawa ndugu zetu hawana shikamoo ya kwetu, nikapiga goti karibu na kochi nikasema jambo papa. Macho yake yalifunguka. Nikamuuliza, papa, umesema nini kwa kijana?

"Siko nakatala kuenda, mutoto wangu. Niko nakatala kulala kule."

Kulala. Yaani kulazwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia atalazwa, yeye mwenyewe ndo alikuwa anajua kwamba ukibebwa na lile gari unalala, na mkewe anafanya kazi zamu ya usiku, wajukuu wawili wadogo wamelala chumba cha pili, na yule kijana anaingia kazini saa 3. Kijana amekulia hapa, amesikia "sipendi kulala kule" akaifupisha, hataki. Hakudanganya, na hana kosa lolote. Mzee alikuwa na akili timamu kabisa, anajua jina, mahali, siku, na kilichotokea. Ila uamuzi tuliokuwa tunataka kumsainisha haukuwa uamuzi wake.

Nikamwambia ukweli kama ulivyo. Papa, mimi sijui kama watakulaza, daktari ndo atasema baada ya kupima damu zaidi ya mara moja, inachukua masaa. Wakitaka kukulaza na ukakataa, hapo pia una haki ya kukataa. Na bili, sitakudanganya kwamba haitakuja. Akanyamaza, sikuongeza neno, mwenzangu pia akanyamaza, na hapo nilimheshimu sana kwa sababu redio ilikuwa inatuita. Kijana akapiga simu kazini kwamba haji leo. Mzee akasema, haya, twende.

Aspirini ndogo 4 za miligramu 81, akazitafuna. Kabla ya kumfunga kwenye kiti nikamvua kandambili nimvalishe soksi, nikabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, shimo likabaki pale pale halijai, maji yamejikusanya. Nikamuuliza unasikia papa? Akasema nasikia. Nikapanda juu kidogo. Nasikia. Asubuhi nilikuwa nimekaa darasani nazungumzia mguu mwingine kabisa, na nilikuwa na mkono wangu kwenye huu, wa moto, hai. Ghorofa tatu tukamshusha polepole, mi nikiwa chini, yeye kanishika bega njia nzima.

Saa 5:20 usiku
Nimerudisha gari, nimefuta machela, nimejaza aspirini na soksi. Tulipopeleka mgonjwa mwingine baadaye nikampitia mzee, alikuwa bado anasubiri kipimo cha pili cha damu, anaongea na wajukuu kwenye simu ya kijana. Nesi akaniomba nimwandikie kwenye karatasi tofauti ya kulala na kulazwa, nikamwandikia, akaibandika kwenye mlango wa chumba.

Saa 6:30 usiku
Niko nyumbani. Insha ya falsafa ni ya Ijumaa, kurasa tano, na nilishaandika mbili Jumapili. Nimezisoma, nimefuta ukurasa wa kwanza wote. Nimeanza upya na swali la profesa, na sentensi ya pili ni ya papa, kama alivyoisema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, tafsiri nitaiweka chini. Kadi za dawa zimebaki 31 na jaribio ni kesho saa 4.