Katoni ya Sabuni Njiani Kwenda Busia

Nauli ya Nakuru hadi Busia mimi hulipa shilingi 1,200. Siku tatu kabla ya Krismasi nililipa 2,000, na kiti nilichopewa kilikuwa cha nyuma kabisa, cha watu watatu, tukabanwa wanne. Manamba alikuwa ameniapia pale steji kwamba nitakaa dirishani. Bado nina hasira na pesa hizo, ingawa si nauli iliyonifanya niandike.

Kulia kwangu alikaa mzee mmoja mwenye koti la suti na kofia ya sufu, amepakata katoni ya sabuni ya miche. Manamba alitaka kuipandisha juu ya gari kwa shilingi 300 zaidi. Mzee akakataa. Alisema kwa upole, "Mwanangu, mimi sabuni huwa siiachi mbali nami." Nilidhani anaogopa mvua.

Tulipoiacha barabara ya Eldoret pale Mau Summit na kushika ya Kericho, gari likaanza kulia. Dereva aliongeza sauti ya muziki. Mzee akainua kichwa, akasikiliza kidogo, akaniambia, "Mkanda wa feni huo, nyabo. Unakatika sasa hivi." Hatukufika mbali. Ulikatika kweli, mvuke ukajaa mbele, na tukashushwa wote kando ya barabara karibu na Londiani, saa nne asubuhi, kwenye baridi ambayo mtu wa ziwani kama mimi hajaumbiwa.

Hapo tulikaa saa sita. Tuliambiwa gari jingine linatoka Nakuru, kisha kwamba fundi anatoka Kericho, kisha tukaambiwa tuwe wavumilivu. Aliyedai nauli yake alijibiwa kwamba pesa zimeshakwenda kwa mwenye gari. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alilia mbele ya wale vijana wawili na hawakumrudishia hata shilingi. Palikuwa na kibanda cha chai, na kikombe kilichokuwa shilingi 20 tulipofika kilikuwa 50 kufikia adhuhuri.

Mzee alininunulia chai. Nilimuuliza alijuaje habari ya mkanda kwa kusikiliza tu. Akasema ameuza vipuri vya magari Nakuru tangu 1973. Kwao ni Busoga, nchini Uganda, na duka lake la kwanza lilikuwa Jinja. Nikamsifu kwa Kiswahili chake. Alitikisa kichwa. Alisema alipokuwa kijana kwao, Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Ukikisikia usiku unajua ni askari, na unaanza kuhesabu watoto wako. Kiswahili cha kumwamkia mtu na kumpa pole alikuja kukijulia Nakuru.

Kaka yake alichukuliwa mchana, mbele ya watu, akatiwa kwenye buti ya gari. Huo ulikuwa mwaka wa pili wa utawala wa Idi Amin. Mwili haukuonekana hadi leo. Mzee alifunga duka akavuka Busia kwa miguu akiwa na mke, watoto wawili na mkoba mmoja. Na hata Nakuru hakupata utulivu, kwa sababu Februari 1976 Amin alisimama akadai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Wateja wake wakawa wanamwambia kwamba amekimbia nchi na sasa nchi inamfuata nyuma. Wao walicheka, yeye usiku ule hakulala.

Nikamuuliza sabuni ni ya nani. Alinitazama muda mrefu. Nadhani aliniona nina umri wa binti zake, na ile baridi, na kwamba hatutaonana tena.

"Ni ya dada yangu, Iganga," alisema. "Nimezoea kupeleka sabuni. Siku hizi ni sabuni tupu."

Wasomaji waliokulia mpakani hawahitaji kuelezwa magendo. Kwa wengine niseme kidogo. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na mkulima wa Uganda alikuwa analipwa na serikali yake pesa isiyonunua kitu. Kwa hiyo kahawa ikavuka kuja Kenya, usiku, kwa vichwa, kwa punda, kwa mitumbwi, kwa baiskeli. Upande wa Mlima Elgon soko la Chepkube lilivuma kwa utajiri wa kahawa hiyo. Huku kwetu Busia vijana wa baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, “border to border” kwa Kiingereza, na ndiko jina la bodaboda lilikozaliwa. Kahawa ilitoka Uganda, na Uganda ikaingizwa vitu ilivyokosa madukani: chumvi, sukari, sabuni.

Mzee alinunua kahawa kama wengine. Wenzake wa Mbale walishika njia ya Chepkube, yeye akashika ya kwetu, Busia hadi mto Sio. Alipata pesa nyingi, hakunificha hilo. Kisha Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka wa Tanzania na kuingia Kagera, Nyerere akatangaza vita, na kila Mganda aliyekimbia, awe Nairobi, Nakuru au Dar es Salaam, akaanza kuulizwa na wenzake: wewe umetoa nini? Kuna waliotoa wana wao. Mzee alitoa pesa, kisha akatoa njia yake.

Bunduki zilitoka wapi hakusema, nami sikumlazimisha. Alichosema ni kwamba zilimfikia Nakuru ndani ya masanduku ya vipuri, na kutoka dukani kwake zilikwenda Busia chini ya sabuni. Kenya haikuwa upande wowote wa vita ile. Angekamatwa, angefungwa huku au kurudishwa kule akauawe. Alipokuwa akisimulia alikuwa anakunjua na kukunja karatasi ya mandazi, na sauti yake ilikuwa ileile aliyoitumia kuzungumzia mkanda wa feni.

"Na waliobeba?" nikamuuliza.

"Vijana wa huko mpakani. Wa baiskeli."

"Walijua?"

"Hapana, binti yangu. Ukimwambia mtu, atakataa. Asipokataa, atamtajia mwenzake. Walijua ni sabuni. Niliwalipa mara mbili ya bei ya sabuni."

Hapo fundi akafika kwa pikipiki, watu wakaamka, na mimi nikabaki nimekaa.

Nyumbani kwa nyanya yangu, mama yake mama, karibu na mto Sio, kuna fremu ya baiskeli nyeusi imetundikwa ukutani mwa jiko. Ni ya mjomba wangu, kifungua mimba wa nyanya. Alipigwa risasi na askari wa Amin akivuka mto usiku, Januari 1979, akiwa na miaka 20. Mimi sikumkuta. Nimelelewa na maneno mawili tu juu yake. La kwanza, kwamba alikufa kwa sababu ya sabuni, na lilisemwa kwetu watoto kila tulipotamani pesa za haraka. La pili lilisemwa kwa kicheko: kwamba alikuwa mvivu, maana jioni ile ya mwisho alimlalamikia mama yake akisema, "Mama, sabuni ya siku hizi ni nzito mno." Tulikuwa tunalirudia tukitumwa maji. Ndoo ikitulemea tunasema sabuni ya siku hizi ni nzito.

Nimelisema neno hilo maisha yangu yote.

Tuliondoka Londiani saa kumi. Kericho sikumbuki kitu, hata ile chai ambayo wageni husimama kuipiga picha. Nilikuwa nimeminywa bega kwa bega na mzee yule na sikuweza kusogea hata inchi moja. Nilitaka kumchukia. Lakini nilikuwa nimekunywa chai yake, na kaka yake alikuwa ametiwa kwenye buti ya gari, na mtu akikaa kando yako saa kumi na mbili unajua anavyopumua.

Giza lilikuwa linaingia tulipofika Ahero, pale panapochepuka barabara ya Kisii. Mzee aliligonga dirisha kwa kidole. Akasema mwaka 1965, Mei, polisi wa Kenya walikamata huko Kisii malori 11 ya jeshi la Uganda, yamebeba silaha za Kichina kutoka Tanzania, yakikatiza nchi ya watu bila ruhusa. Kenyatta alikasirika sana, Obote, waziri mkuu wa Uganda wakati huo, akalazimika kuja mwenyewe kuomba radhi. "Hao walikuwa serikali," alisema. "Wakikamatwa, mkubwa anakuja kuongea na mkubwa. Sisi tulikuwa na baiskeli."

Nikamjibu kwamba yeye alikuwa na duka. Baiskeli zilikuwa za wengine.

Alinyamaza hadi Kisumu. Nilijiuliza kama nimemkosea adabu mtu wa umri wa babu yangu, na bado sijajua.

Kisumu tulibadilishwa gari bila maelezo. Sahani ya wali na samaki pale steji ilinigharimu shilingi 700, kwa samaki aliyevuliwa umbali wa kutupa jiwe. Mzee hakula. Ilikuwa tumepita Maseno, pale kwenye alama ya ikweta, ndipo akaniuliza kwetu ni wapi hasa. Nikamwambia. Nikamtajia mto. Nikamwambia na habari ya mjomba, mwezi na mwaka, na lile neno la uzito.

Hakushtuka kama nilivyotarajia. Aliondoa kofia akaiweka juu ya katoni.

"Majina yao sikuyajua," alisema baadaye. "Kulikuwa na mtu wangu Busia, yeye ndiye aliyewatafuta. Mimi niliambiwa idadi. Wamevuka sita. Wamevuka wanne. Mara moja niliambiwa wamevuka watano kati ya sita, nikauliza mzigo wa yule wa sita." Akatulia. "Mwezi sikumbuki. Singekudanganya, nyabo. Huenda ni yeye, huenda si yeye. Tulikuwa wengi tuliopitisha vitu pale."

Akanisimulia mengine kwa sauti ya chini. Kwamba tarehe 2 Machi 1979 wakimbizi wenye silaha walivuka kutoka Kenya wakaishambulia kambi ya Tororo, na baadhi ya askari wa kambi wakageuka kuwaunga mkono, lakini haikupita wiki Amin akawa ameirudisha. Hajui kama bunduki zake zilikuwemo. Kwamba tarehe 11 Aprili Kampala ilipochukuliwa na Watanzania na Waganda waliofuatana nao, alifunga duka Nakuru akalia kwa furaha. Kwamba mwaka uliofuata alirudi Jinja akakuta watu wengine wamekaa dukani mwake, na mtutu mwingine mlangoni, na baada ya miezi michache akavuka tena Busia akiwa na mkoba mmoja. Tangu hapo Uganda huenda kama mgeni, na zawadi mkononi.

Tulifika Busia saa sita usiku. Kituo cha pamoja cha mpakani, kile kilichofunguliwa 2018, kilikuwa kinawaka taa kama uwanja wa mpira, malori yamepanga foleni ndefu. Mzee alisema hatalala. Atavuka usiku huohuo kwa kitambulisho chake, kwa mguu, kupitia mlangoni. Kabla ya kuondoka alipasua katoni, akatoa mche mmoja wa sabuni akanishikisha kwa mikono miwili. Zawadi ya mzee hairudishwi. Nikapokea. Sikumwambia asante, na hakuingoja.

Gesti ilikuwa shilingi 1,500, bila maji.

Kwa nyanya nilifika asubuhi kwa pikipiki. Krismasi ikapita kama Krismasi. Siku ya tatu tulikuwa wawili uani tukipukuchua mahindi, sabuni ile imewekwa kwenye kizingiti cha dirisha la jiko, bado nzima, na nyanya akaniuliza kwa nini siitumii. Nikamwambia yote. Nilichelewa kufika kwenye jambo lenyewe, nikazunguka na habari za gari na fundi, na yeye akaendelea kupukuchua. Nilipotaja bunduki hakuinua macho.

"Mimi nilijua siku ileile," alisema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Walikuja wanaume wawili alfajiri, maiti ikiwa bado kwenye mkeka. Waliuliza mzigo uko wapi kabla ya kuuliza mtoto atazikwa lini. Sabuni haiulizwi hivyo."

Miaka yote hiyo alituacha tuseme kwamba mwanawe alikuwa mvivu. Nikamuuliza mbona hakusema. Alisema wakati ule kulikuwa na hatari kusema, na hatari ilipokwisha, watoto walikuwa wameshazoea kucheka, na alipenda kusikia anatajwa nyumbani kwa kicheko.

Alisimama, akajipangusa maganda kwenye leso, akachukua ule mche wa sabuni na uzi. Aliukata vipande vinne jikoni, chini ya fremu ya baiskeli, akanipa kimoja nikaoshe sufuria.

"Huyo mzee," aliniuliza, "ana miguu mizuri bado?"

Nikasema anachechemea kidogo.

"Basi atakuwa amefika," alisema, akaenda kufungia kuku.