Mombasa, kutafuta winchi

Bedford RL tuliyoinunua mimi na wenzangu imekwama bondeni, kwenye shamba la mkonge huko Muheza. Ni lori la zamani la jeshi la Waingereza, tani nne na ushee likiwa tupu, na matope yamefika kwenye madigadi. Trekta la jirani lilijaribu kulivuta, likaishia kujichimbia mashimo yake lenyewe. Nikapanda basi la Mombasa kuulizia winchi, mashine ya kuvutia mzigo kwa waya.

Mpakani Horohoro hatukukawia. Kivuko cha Likoni ndicho kilichotuchoma jua. Nilifika Ijumaa mchana, maduka yamefungwa kwa sala, nikaona bora nipite Fort Jesus nikautazame mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Kwanza.

Mtutu wake ni wa milimita 105, urefu kama mita nne. Nilipitisha kiganja ubavuni: kutu imevimba chini ya rangi kama upele. Meli yenyewe Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao delta ya Rufiji, tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na manowari za Waingereza, Severn na Mersey. Mizinga yote kumi ikaopolewa, na karakana ya reli Dar es Salaam ikaiundia magurudumu. Mmoja ulifungwa kwenye Graf von Götzen, Ziwa Tanganyika, meli tunayoiita leo Liemba. Mingine ilikokotwa porini na mamia ya wapagazi, kwa kamba na mabega. Lettow-Vorbeck, kamanda wao Wajerumani, kaandikwa mpaka basi. Wale wapagazi sijui hata jina la mmoja. Hapo hapo ngomeni upo pia mzinga wa Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa Zanzibar na Königsberg hiyo hiyo, Septemba 1914. Mahasimu wamewekwa ua mmoja.

Alasiri nikaenda Mwembe Tayari. Mwenye duka, mtu mzima mwenye kofia ya vito, aliitikia shikamoo yangu, kisha akaanza yeye kuniuliza.

“Gari yako tani ngapi?”

“Nne na kitu, mzee.”

“Imezama hadi wapi?”

“Madigadi.”

“Ikizama magurudumu tu, wavuta uzito wake. Ikifika madigadi, mara mbili. Hesabu nane, tisa. Na winchi utaifunga na nini? Na mkonge?”

Tukacheka, lakini swali lilinikaa. Bonde lile halina mti hata mmoja. Akanichorea kwenye karatasi ya risiti: chimba mtaro mbele ya gari, ukingo wake uwe wima, laza gogo nene au mataruma ya reli, funga waya katikati, fukia, shindilia. Winchi ya tani tano ifungwe hapo, waya upite kwenye puli iliyofungwa kwenye chesi, ncha yake irudi kwenye gogo la pili. Hapo kila upande wa waya unabeba nusu ya mzigo, ingawa msuguano hula kidogo.

Nilinunua winchi ya mkono, puli mbili na waya mpya. Mataruma tutayatafuta Tanga, na kuchimba ni Januari, ardhi ikikauka.