Kibakuli Kilichokatwa kwa Uzi

Juzi binti yangu alinijia na kikombe chake cha udongo, kimepasuka kitakoni, akaniuliza, "Mama, nilikikosea nini?" Papo hapo nikawa mezani kwa mama, jioni ile alipotukalisha mimi na mdogo wangu, akatandika gazeti kuukuu na kumpa kila mmoja donge la kujaa kiganja.

Kukanda, kuviringisha, kuzamisha kidole gumba katikati, kufinya ukuta huku unazungusha: hayo tuliyashika upesi. Kibakuli changu kilipendeza. Mdomo niliulainisha kwa kidole chenye maji, ubavuni nikachora majani kwa ncha ya kijiti. Nikakisogeza mbele ya mama.

Alikigeuzageuza, akapitisha kidole juu ya majani yangu. "Kizuri sana, mwanangu." Kisha akachukua uzi, akazungushia ncha zake kwenye vidole vya shahada, akaukaza. Akauweka juu ya mdomo wa kibakuli na kuushusha taratibu, bila kutetemeka, hadi ukagusa meza. Nusu mbili zikaachana, zikalala chali. Hapo ndipo nilipoona ambacho macho hayakuweza kukiona kwa nje: ukuta mwembamba kama ganda la yai, na chini kitako kinene kupita kidole changu.

"Huku juu kutakauka kwanza," alisema. "Udongo ukikauka hunywea. Kitako bado kibichi, hakitanywea pamoja na ukuta. Vitavutana, na ufa utapita hapa."

Machozi yalinitoka, lakini nilielewa. Akaziponda nusu zote mbili, akanirudishia donge. Udongo ambao haujaingia motoni haupotei, hata ukikauka kabisa unauloweka na kuukanda upya. Ni ukishachomwa, joto likapita takriban nyuzi 600 za Selsiasi, ndipo haurudi tena.

Tangu hapo naupapasa ukuta kwa vidole nimefumba macho, na kazi mbichi naifunika kwa plastiki ikauke polepole. Sijapata mwalimu aliyenifundisha mengi kwa muda mfupi namna ile, na namshukuru mama kwa dhati.

Ila mdogo wangu naye alikatiwa chungu chake jioni ileile, kwa uzi uleule, kwa upole uleule. Hakugusa udongo tena. Nikimuuliza, husema siku hiyo haikumbuki, na mimi huona vigumu kumwamini.