Dawa ya mzio ikikugeuka: kabla hujamlaumu sangara, soma boksi

Malalamiko ni yaleyale kuanzia Kirumba, hapa Mwanza, hadi Nansio kisiwani Ukerewe. Mtu kala kitu kisichopatana naye, kameza dawa ya mzio, kisha mwili ukafanya jambo asilolitegemea: usingizi wa kupindukia, kuharisha, mabaka kuongezeka, moyo kwenda mbio. Hukumu hutolewa papo hapo kwamba dawa imemkataa. Tangu siku hiyo Piriton inahesabiwa kuwa sumu kwake, na siku atakapoihitaji kweli ataikataa. Hukumu hiyo mara nyingi si sahihi. Hata inapokuwa sahihi, mkosaji anaweza asiwe dawa yenyewe bali kitu kilichotumika kukishikiza kidonge au kuipa sirapu utamu.

Anza na saa. Klorfenamini, yaani dawa iliyomo kwenye Piriton, ikimezwa huchukua nusu saa hadi saa nzima kabla nafuu haijaonekana. Mzio wa chakula nao kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2 tangu kula. Mtu aliyekula sato saa 7 mchana, akameza kidonge dakika kumi baadaye, akaona mabaka yanapanda shingoni saa 7 na nusu, bado anasumbuliwa na samaki. Dawa haijaanza kazi. Na usidhani samaki aliyekaangwa hadi akakauka ni salama. Protini ya samaki inayosababisha mzio kwa watu wengi, pavalbumini, haivunjwi na moto, kwa hiyo mapanki, sangara wa moshi na dagaa wa kuanika wote bado wanayo.

Kosa linalofuata ni kuongeza dozi. Mtu mzima humeza klorfenamini miligramu 4, kidonge kimoja, kila baada ya saa 4 hadi 6, na kwa siku nzima asizidi miligramu 24. Anayemeza viwili viwili kila saa moja anavuka mpaka huo kabla ya jioni. Tena huenda asubuhi alimeza dawa ya mafua. Vidonge vingi vya mafua vina klorfenamini ndani yake, pamoja na parasetamoli na dawa ya kufungua pua ambayo ndiyo hasa hufanya moyo udunde. Na wapo wanaomeza siproheptadini ili wanenepe bila kujua kwamba hiyo nayo ni dawa ya mzio ya kundi lilelile la zamani. Ukizijumlisha tatu hizo, mdomo kukauka, macho kuona ukungu, mkojo kugoma na kichwa kuvurugika si jambo la ajabu. Hiyo ni dozi iliyozidi, haihitaji jina jingine.

Usingizi wa klorfenamini na promethazini, dawa nyingine ya mzio ya kundi la zamani, ni madhara yanayojulikana, hauna uhusiano na chakula ulichokula. Kwa mwendesha bodaboda ni hatari ya wazi. Kwa mvuvi wa dagaa, ambaye kazi yake ni usiku, juu ya maji, pembeni ya taa, naona ni hatari kubwa zaidi, na ni nadra mtu kumuuliza anafanya kazi gani kabla ya kumpa kibahasha. Anayekwenda ziwani usiku aombe dawa ya mzio ya kundi jipya, setirizini au loratadini ya miligramu 10, mara moja kwa siku. Loratadini haileti usingizi kwa watu wengi. Setirizini huleta kwa baadhi, kwa hiyo dozi ya kwanza inywewe siku ya kupumzika. Pombe isichanganywe na yoyote kati ya hizi. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba au presha ya macho asipewe klorfenamini kiholela, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa setirizini, kwa kawaida hadi miligramu 5.

Kwa watoto, promethazini ni marufuku chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kukandamiza upumuaji hadi kuua. Klorfenamini ya maji yenye miligramu 2 kwa kila mililita 5 hupewa mtoto wa miaka 2 hadi 5 kwa mililita 2.5, na wa miaka 6 hadi 11 kwa mililita 5, kila saa 4 hadi 6. Wa chini ya miaka 2 apewe kwa maelekezo ya daktari tu. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Kuna watoto ambao badala ya kulala huchachamaa, wanakimbia ovyo na kulia usiku kucha. Hilo nalo linafahamika kwa dawa hizi za zamani, na suluhisho ni kubadilisha dawa, si kuongeza dozi.

Sasa tuje kwenye boksi, ambako watu wenye matatizo ya chakula wanapaswa kukaa muda mrefu kuliko wengine. Kidonge cha setirizini kina miligramu 10 tu za dawa. Kinachobaki ni vijazio: laktosi, wanga, selulosi, rangi, ganda la nje. Kwenye kijikaratasi tafuta sehemu inayotaja viambato vingine.

Laktosi ndiyo inayoogopwa zaidi, na mara nyingi bila sababu. Kidonge hubeba makumi ya miligramu, au mia moja na ushee. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 12 hivi, yaani mara mia na zaidi. Mtu ambaye maziwa fresh humjaza gesi lakini mgando kidogo anaumudu, hawezi kuharishwa na laktosi ya kidonge kimoja. Atafute sababu kwingine. Mwenye mzio wa protini ya maziwa, anayevimba midomo au kubanwa kifua, yuko kwenye kundi tofauti kabisa. Laktosi hutengenezwa kutokana na maziwa ya ng'ombe na inaweza kubaki na chembe za protini. Kwenye kidonge cha kumeza hatari ni ndogo, ila kwenye sindano hali hubadilika. Mwaka 2017 Shirika la Dawa la Ulaya liliagiza kwamba sindano za methiliprednisoloni, steroidi ya kutuliza mzio mkali, zenye laktosi zisitumike kwa watu wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, baada ya wagonjwa waliokuwa wakitibiwa mzio kuzidiwa na sindano yenyewe. Fikiria mtoto kafikishwa hospitali kwa sababu ya maziwa, anachomwa dawa ya kumtuliza, na hali inakuwa mbaya zaidi. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo aseme "ana mzio wa maziwa" kabla sindano haijavutwa, na aseme tena zamu ikibadilika. Dawa za kuvuta za unga kwa ajili ya pumu nazo nyingi zina laktosi.

Sirapu ina mambo yake. Nyingi hutiwa sobitoli au maltitoli, sukari zisizofyonzwa vizuri na utumbo. Dozi moja ya sirapu ya setirizini inaweza kubeba gramu kadhaa za sobitoli, na hapo ndipo kuharisha na tumbo kuunguruma hutoka kwa mtu ambaye utumbo wake ni mwepesi. Mpe dawa ileile kwa kidonge, shida inaisha. Rangi ya tatrazini, E102, huleta vipele kwa watu wachache. Mwenye kuishuku aombe kidonge cheupe. Ganda la kapsuli huwa jelatini ya ng'ombe, nguruwe au hata samaki. Wanga wa ngano ni wa kuuliza kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo huumizwa na protini ya ngano, ingawa viwanda vingi hutumia wa mahindi. Mwenye mzio wa karanga au soya aangalie zaidi kapsuli laini na dawa za kupaka, kwani baadhi hutumia mafuta ya karanga au lesithini ya soya.

Shida ya huku kwetu ni kwamba boksi lenyewe halionekani. Klorfenamini hutoka kwenye kopo la vidonge elfu moja, inahesabiwa kwenye kibahasha kilichoandikwa "1x3", basi. Omba uoneshwe kopo, piga picha lebo yake. Si ujeuri, na muuzaji anayejua kazi yake, hata kwenye duka la dawa muhimu kijijini, hatakasirika. Ukinunua kopo la kiwanda kingine mwezi ujao, dawa ni ileile lakini vijazio huenda ni vingine. Ndiyo maana mtu husema "ile ya njano inanifaa, hii inanisumbua", naye anakuwa na haki.

Kisha kuna kile dawa inachochanganywa nacho, na hapa nadhani ndipo makosa mengi ya nyumbani yalipo. Sirapu chungu hukorogwa kwenye uji. Uji wenyewe ni wa unga lishe: mahindi, mtama, soya, karanga, na kando ya ziwa mara nyingi dagaa waliosagwa. Mtoto akivimba macho, sirapu inatupwa jalalani na uji unaendelea kesho. Dawa itolewe peke yake, kisha maji. Uji usubiri hadi hali itulie, na unga usagwe upya kwa viungo vichache ambavyo vimejulikana kuwa salama.

Ipo pia hali ambayo dawa ya mzio haina kazi kabisa. Tumbo kujaa gesi baada ya maziwa ni upungufu wa kimeng'enya cha kusaga laktosi; histamini, kemikali ya mwili inayoleta dalili za mzio, haihusiki. Klorfenamini hapo haitasaidia, na kwa kuwa inapunguza mwendo wa utumbo, inaweza kuongeza kufunga choo na ule ujazo unaolalamikiwa.

Wanaomeza setirizini kila siku kwa miezi, "kwa kinga" ili wale wanachotaka, wana mtego wao. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba kuacha setirizini au levosetirizini baada ya kuitumia muda mrefu kunaweza kuleta muwasho mkali wa mwili mzima ndani ya siku chache. Ni nadra, lakini mtu akiwashwa siku ya pili atamlaumu furu aliyekula jana. Muwasho huo kwa kawaida hutulia dawa ikirudishwa, na daktari anaweza kumshusha dozi polepole. Prednisoloni, steroidi ya vidonge, ni jambo zito zaidi: aliyeimeza kwa wiki 3 na zaidi asiiache ghafla, na mwenye kisukari ajue kwamba sukari itapanda.

Mzio wa kweli wa dawa ya mzio upo, ni wa nadra. Ukithibitika kwa setirizini, epuka pia levosetirizini na haidroksizini, ni ukoo mmoja.

Kutenganisha chakula na dawa, andika saa ya kula, saa ya kumeza na saa ya dalili. Kama kilichotokea ni tumbo au usingizi tu, badilisha kitu kimoja: dawa ileile kwa umbo jingine, bila kugusa chakula kinachoshukiwa. Kama kulikuwa na midomo kuvimba, kupumua kwa shida au kuzimia, usijaribu tena nyumbani hata kwa robo kidonge. Omba rufaa, hospitali ya Bugando au Sekou Toure, na kama utapimwa kwa kuchomwa ngozi utaambiwa uache antihistamini, yaani dawa hizi za mzio, siku kadhaa kabla, mara nyingi hadi 7, la sivyo kipimo kitasema huna kitu.

Na koo linapokaza, sauti inapokwaruza, kifua kinapobana au mtu anapolegea baada ya kula au baada ya dawa, vidonge havina nafasi. Tiba ni adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje katikati. Kwa ile ya miligramu 1 kwa mililita, mhudumu wa afya hutoa mililita 0.5 kuanzia miaka 12, 0.3 kwa miaka 6 hadi 12, na 0.15 chini ya hapo hadi miezi 6, na kurudia baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Sindano hiyo mara nyingi ina salfaiti, kihifadhi kinachowasumbua baadhi ya watu, lakini hata mwenye kusumbuliwa na salfaiti asinyimwe. Mgonjwa alazwe miguu ikiwa juu, aketi tu kama anashindwa kupumua, asitembezwe hadi gatini. Aliye kisiwani aanzie zahanati iliyo karibu, boti ya Mwanza ifuate. Akipata nafuu abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwani dalili huweza kurudi.

Tukio lolote la namna hii litolewe taarifa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, au kupitia kituo cha afya. Watahitaji jina la dawa, kiwanda, namba ya toleo, dozi na saa. Ongeza ulichokula na ulichochanganyia. Kibahasha hakina namba ya toleo, kwa hiyo rudi dukani mapema, kabla kopo halijaisha.