Bibi alikwama kwa Pontio Pilato

Katika mtaa wetu, nje kidogo ya Masasi mjini, mtu mzima habatizwi hivi hivi. Anahudhuria mafundisho, na siku za Padre kuja zikikaribia anaitwa mbele ya wazee wa kanisa kuulizwa. Baba Yetu. Amri Kumi. Imani ya Mitume. Sakramenti ni nini. Akijikwaa anaambiwa arudi darasani hadi Padre atakapokuja tena. Mimi ndiye mwalimu wa dini ninayewaandaa, na kazi hii naipenda kwa moyo wote. Kwa hiyo ninayoandika hapa yanatoka kwa mtu anayethamini mafundisho.

Msimu huu bibi mmoja, mjane, alirudishwa. Alisema Baba Yetu vizuri. Kwenye Amri Kumi aliruka mbili. Imani ya Mitume aliianza kwa sauti kubwa, akafika "aliteswa zamani za Pontio Pilato", akasimama. Akawatazama wazee, akauliza: "Huyu Pontio naye tunamwamini?"

Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu sana, aliniambia baadaye tukiwa nje: "Mwalimu, huyu hajui anachokiamini. Tutambatizaje? Biblia yenyewe inasema watu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa."

Siku zilizofuata nilikwenda nyumbani kwa bibi. Nilimkuta uani anabangua korosho. Za kwanza alikuwa ameshazichoma kwenye bati lenye matundu, moshi mweusi bado umetanda. Vidole vyake amevipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimuunguze, anagonga korosho moja moja kwa kijiti, anaitoa nzima bila kuivunja. Tulizungumza huku anagonga. Kiswahili chake si kirefu, akizidiwa anahamia Kimakua, nami namfuata huko huko.

Nikamwambia Pilato alikuwa liwali wa Warumi katika Uyahudi, ndiye aliyetoa amri Yesu asulubiwe. Akaacha kugonga. "Kumbe alikuwa mkubwa wa serikali? Basi ilitokea kweli, na watu waliona." Nikamwambia ndiyo, ndiyo sababu jina lake limewekwa pale, ili kila anayesali ajue jambo lilitokea mahali fulani, wakati fulani, chini ya mtawala anayejulikana. Hajasahau tena. Leo ukimwamsha usiku wa manane atakwambia Pilato alikuwa nani.

Nikamuuliza sasa swali ambalo hakuna aliyemuuliza kwenye benchi la wazee: kwa nini unataka kubatizwa? Akajibu: "Mwanangu, Yesu alikufa, akafufuka. Nikifa atanichukua. Mimi sina mwingine." Akaongeza kwamba dawa iliyokuwa imefukiwa mlangoni tangu enzi za mumewe ameichimbua yeye mwenyewe, na mjukuu alipougua alimpeleka zahanati, akamwombea, hakwenda kwa mganga.

Tangu siku ile nimekuwa nikilipima jibu hilo. Tangu Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, waalimu wa Kiprotestanti wamezoea kuieleza imani kwa mambo matatu: kujua habari yenyewe, kukubali kwamba ni kweli, na kujitupa mikononi mwake yeye anayehusika. Katekisimo ya Heidelberg ya mwaka 1563, kitabu cha Kiprotestanti cha maswali na majibu ya imani, nayo inasema imani ya kweli ni kujua kwa hakika na pia ni kutegemea kwa moyo. Sasa mrudie bibi. "Alikufa, akafufuka": habari anaijua. "Atanichukua": ameikubali na ameichukua kuwa yake. "Sina mwingine": hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, na yeye ameshapita, shimo la ile dawa mlangoni ni shahidi.

Nimewahi kumfundisha kijana aliyejibu kila swali kama maji. Alipata kipaimara kwa sifa. Msimu uliofuata shamba lake la mikorosho likazindikwa kwa dawa ya mganga, na hakuficha. Yakobo aliandika kuhusu imani ya namna hiyo katika sura ya pili: mashetani nao huamini kwamba Mungu ni mmoja, na hutetemeka. Wangeketi kwenye benchi letu wangefaulu bila kukosa neno.

Wapo watakaosoma hapa waseme: basi mafundisho ya nini, mtu aamini tu. Hapana. Nalikataa hilo kwa nguvu zile zile. Nimeona watu wa imani nyingi na maarifa haba wakinunuliwa na kila anayejiita nabii. Wanauza mbuzi wanunue maji ya upako. Mtu anayempenda Yesu kwa dhati anaambiwa ugonjwa wake umeletwa na shangazi yake, na ukoo unasambaratika. Imani ikikosa kujua inamtegemea nani, atatokea mwingine wa kukikalia kiti hicho. Paulo anauliza katika Warumi 10: "wamwaminije yeye wasiyemsikia?" Hata yule mhalifu msalabani, ambaye kila mtu humtaja kama mfano wa asiyejua kitu, alijua: kwamba yeye anastahili adhabu, kwamba Yesu hakufanya ovu lolote, na kwamba ana ufalme. Ni machache, lakini bila hayo angemwomba nani amkumbuke?

Tatizo langu na benchi letu liko kwingine. Yule mzee alinukuu Hosea 4:6, nami nikaenda kuusoma mstari wote. Unaendelea hivi: "kwa kuwa wewe umeyakataa maarifa, mimi nami nitakukataa wewe, usiwe kuhani kwangu mimi." Mungu anamkemea kuhani! Watu wanaangamia, na anayeitwa ajibu ni aliyepewa kazi ya kuwafundisha. Hata Warumi 10 inakwenda hivyo hivyo: baada ya kusikia, Paulo anauliza "wamsikieje pasipo mhubiri?" Maarifa ni deni la anayefundisha. Sisi tumeyageuza kiingilio, tukasimama mlangoni kukusanya.

Zamani za mwanzo wa Kanisa walikuwepo waliodai kwamba wokovu unatokana na maarifa ya siri ambayo wachache tu wanayo. Irenayo, askofu wa Lyon katika Ufaransa ya leo, aliwajibu kwa vitabu vitano, mnamo mwaka 180. Alikuwa msomi, na alichambua mafundisho yao kwa kina hadi unachoka kusoma. Lakini mtu huyo huyo anataja mataifa yasiyojua kusoma, walioupokea wokovu ukaandikwa mioyoni mwao na Roho, bila karatasi wala wino, nao wakaishika imani ya mitume sawasawa. Tena anasema ni afadhali mtu asiye na elimu anayemkaribia Mungu kwa upendo kuliko mjuzi anayemkufuru. Nilipokutana na maneno hayo nilimuona bibi.

Na hapa Masasi tungekumbuka tulikotoka. Kanisa letu lilianza mwaka 1876, Askofu Steere alipoleta kutoka Zanzibar watu waliokombolewa utumwani. Wamisionari wa UMCA, chama cha misheni cha Kianglikana kutoka Uingereza, walifundisha kwa subira ndefu kabla ya kubatiza, na Steere huyo huyo alijitaabisha kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, watu wasikie kwa lugha wanayoielewa. Askofu Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, aliona vijana wanafundishwa jandoni, akaliingiza jando ndani ya maisha ya Kanisa badala ya kulilaani. Wote hao waliwafuata watu walipo. Sisi tunamwita bibi wa Kimakua aje ajibu kwa Kiswahili cha kitabuni mbele ya wanaume watano, halafu tunashangaa anakwama.

Nilimwambia mzee mambo haya, kwa adabu. Akanirudishia: "Sasa Mwalimu, tuache kuuliza?" Nikamuuliza na mimi, mbona tunabatiza vichanga wasiojua hata majina yao? Akasema wazazi na wadhamini wanajibu kwa niaba yao. Kweli kabisa. Nikasema basi na bibi ana wadhamini, kanisa zima limekaa nyuma yake. Hakujibu, ila hakukasirika. Nadhani bado anafikiri, na mimi bado namwombea, maana anaipenda nyumba ya Mungu kuliko wengi.

Kuna kijana pale mtaani kwetu, tangu kuzaliwa hasemi na haelewi mengi. Kila Jumapili mama yake anamleta. Anajua nini? Sijui kumpima, na sijaagizwa kumpima. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba wamemjua Mungu, au zaidi wamejulikana na Mungu, na kwa kijana yule ninashikilia nusu ya pili.

Kwa wenzangu mnaofundisha dini vijijini, huko Newala, Nanyumbu, Ruangwa na kwingineko: mimi nimebadili mpangilio. Siku ya kwanza siwapi cha kukariri. Tunasoma Injili ya Marko kwa sauti, kipande kwa kipande, anayejua Kimakua au Kiyao anawatafsiria wenzake, na kila mtu anauliza analotaka. Amri Kumi tunaziingia tukiwa tumeshajua aliyezitoa ni nani. Imani ya Mitume inakuja mwishoni, korosho zikishauzwa, kila jina ndani yake likiwa limeshaelezwa. Padre ameniahidi kwamba safari ijayo atakaa yeye mwenyewe na bibi, uani kwake.