Siku nzima na redio: Bach, Leningrad, Mazrui na udi wa Zein

Mie redio naipenda kuliko hizi playlisti za kwa simu manake redio ina mtu ndani. Mtu anakwambia hiki kitu kimetoka wapi, nani kakitunga, alikua na hali gani wakati huo, halafu ananyamaza, anauwachia muziki nafasi. Jumapili hii sikua na pa kwenda, kusi inavuma na mvua ya rasharasha inakuja inakwenda, huku Kibokoni, Mombasa, hata baraza zilikua tupu, basi nkaunganisha simu na spika nkafungua stesheni moja ya ng'ambo ya muziki wa klasiki, bando ninayo, nkasema leo inaimba mpaka jioni.

Walianza na Bach, mtunzi Mjerumani wa zamani, zile suti zake za selo, yaani mafungu ya vipande vya muziki vya ile fidla kubwa inayopigwa mtu amekaa, mtu mmoja na selo moja peke yake, hakuna piano hakuna chochote. Mtangazaji, mama mtu mzima kwa vile nlivyomsikia sauti, akatoa kwanza habari ya mpiga selo Pablo Casals, vile mwaka 1890 akiwa na miaka 13 aliingia na babake duka la nota kuukuu karibu na bandari ya Barcelona akazikuta hizo nota. Wakati ule wengi walizihesabu ni mazoezi ya vidole tu. Yeye akakaa nazo nyumbani karibu miaka 12 kabla hajathubutu kuzipiga mbele za watu. Bach mwenyewe alikua kashakufa tangu 1750, fikiria. Sa mtu akishakueleza hivo huwezi tena kuusikiliza ule muziki huku unaperuzi simu, unajikuta umeegemea ukuta na chai imepoa.

Halafu, kabla ya adhuhuri, ikaja simfoni ya saba ya mtunzi Mrusi Shostakovich, na hapa nataka nikae kidogo.

Mji wa Leningrad, siku hizi St Petersburg, ulizingirwa na jeshi la Wajerumani kuanzia Septemba 1941 mpaka Januari 1944. Watu walikufa njaa kwa malaki, na baridi ile ya mwaka wa kwanza ndio iliyowamaliza zaidi. Lakini redio walipigania isinyamaze. Spika zilikua zimefungwa majumbani na mitaani, na pale ambapo hakuna kipindi walikua wanarusha mlio wa metronomu, kile kidude cha wanamuziki cha kuhesabia mapigo, tik, tik, taratibu kama hali shwari, mbio mbio kama ndege za mabomu zinakuja. Madamu unasikika mlio, mji bado uko hai. Kulikua na mshairi mmoja wa kike, Olga Berggolts, alikua anaingia studio na njaa yake kama wao anawasomea mashairi watu ambao wengine hawana nguvu ya kutoka kitandani. Kisha okestra ya redio, kiongozi wake Karl Eliasberg, ikapewa kazi ya kupiga hii simfoni mpya. Mazoezi ya kwanza waliopatikana wa kuweza kupiga hawazidi 15, wenzao wamekufa ama wamelala hoi, na hata hao waliofika hawakudumu, pumzi ya kupuliza tarumbeta inatoka wapi na tumbo halina kitu? Ikabidi waongezewe chakula na watafutwe wapigaji wengine kutoka jeshini. Tarehe 9 Agosti 1942 wakaipiga. Mizinga ya Warusi iliwatwanga Wajerumani kwanza ili wasipate nafasi ya kurusha makombora yao, na muziki ukatoka kwa spika mji mzima, mpaka upande wa adui ukasikika.

Mama alikua sebuleni na sinia lake anachagua mchele. Kizungu cha haraka hakifuati, kwa hivyo mie nlikua namfasiria kadri mtangazaji anavyosema, naye anaitikia "ee" "ee" bila kuinua kichwa. Ilipoanza yenyewe kuna mahali kingoma kinaingia kwa mbali kabisa, na tuni moja ndogo inarudiwa na kurudiwa, kila ikirudi vyombo vimeongezeka, inapanda inapanda mpaka spika yangu ikaanza kutetema. Mama akaweka sinia chini. Akasema, "Hao washaingia mwanangu." Na ile sehemu ya adui kuvamia sikua nimemwambia! Akakaa nayo saa na robo nzima mpaka mwisho, mchele ukachelewa, tukala karibu na alasiri na hakuna aliyelalamika.

Mchana wakaingiza opera ya Wagner na huyo mie bado haniingii, kwa hivyo nkatoka pale nkafungua hotuba za Profesa Ali Mazrui nlizopakua zamani, zile za Reith Lectures alizotoa BBC mwaka 1979. Ni mihadhara sita, na katika kila mmoja anafungua kitendawili kimoja cha Afrika. Kuna kile cha kwamba bara hili ndio makao ya kwanza ya binadamu ila ndio la mwisho kukalika vizuri, na kuna cha kwamba liko katikati ya ramani ya dunia lakini kwenye siasa za dunia limetupwa pembeni. Nakubaliana naye sio kila mahali, lakini ile sauti! Hana haraka, sentensi anazipanga kwa pande mbili zinazojibizana na anajua pa kushusha pumzi. Mie nasikia kabisa mtu aliyekulia kwenye mashairi na darasa za msikitini. Babake, Sheikh Al-Amin, alikua Kadhi Mkuu wa Kenya. Yeye mwenyewe mtihani wa sekondari haukumwendea vizuri, akafanya kazi ya ukarani pale MIOME, chuo cha Waislamu cha hapa Mombasa, ambapo sasa ni Technical University of Mombasa, kabla hajapata njia ya kwenda Manchester na mwishowe Oxford. Alifariki Marekani mwaka 2014 akaletwa kuzikwa hapa hapa kwao, makaburi ya Wamazrui karibu na Fort Jesus. Watoto wa skuli wanapita pale kila siku. Nani kawasikilizisha hata nusu saa ya hizo hotuba?

Jioni mama akaniomba nimuekee stesheni ya kwetu, kuna saa ya taarab za zamani. Wakaweka Juma Bhalo. Na hapa ndipo moyo wangu ulipouma, manake kijana wa studio alikua anaongea juu ya wimbo, anasalimia watu, anasoma meseji, beti la tatu halijakamilika kashaukata kaweka tangazo, hakusema nani kautunga wala unahusu nini. Maneno mengi aliyoyaimba Bhalo yalitungwa na Ahmad Nassir, mshairi mkubwa wa mji huu, vina na mizani vimekaa sawa sawa na kila fumbo lina mlango wake wa kuingilia. Ukilikata katikati umebakisha nini? Mama akamalizia beti mwenyewe kwa mdomo, kisha akanieleza fumbo lote, na harusi aliyousikia mara ya kwanza, na vile akina mama walivyokua wakitazamana mstari ule ukifika. Nlipomaliza kumsikiliza nkautafuta wimbo kwa simu tukausikiza wote mpaka mwisho, na ulikua wimbo mwengine kabisa masikioni mwangu.

Tunaambiwa wasikilizaji wa siku hizi hawana subira. Mie sikubali. Mama yangu, mtu wa Kibokoni, kakaa saa na robo na simfoni ya Mrusi kwa sababu ya dakika chache za maelezo kabla haijaanza. Wampe na Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarab na mpiga udi, nafasi hiyo. Mtoto wa Lamu, udi wake unaujua kwa mdundo wa kwanza tu, aje mtu akae atulie aseme huyu alizaliwa 1939, haya mashairi ni ya karne gani, sikiza hapa vidole vinavyojibizana na sauti, kisha aache upigwe wote. Saa moja kwa wiki inatosha kuanzia. Watu wa kueleza wapo, wanakaa majumbani na barazani wanazeeka na wengine tushawazika.

Kwa hivyo nimeanza na mama. Nimempa majina ya nyimbo achague, kila jioni baada ya isha tunasikiza mmoja na anaueleza huku simu inarekodi, na kuna mzee jirani aliyekua akipiga tabla kwenye maharusi kakubali kuja wiki ijayo. Alichoomba ni kitu kimoja tu, tuzipate zile kaseti zilizorekodiwa harusini kwenyewe, manake za studio anasema zimepunguzwa. Mwenye nazo Mombasa, Malindi ama Lamu, hata kama zimeshika vumbi ama utepe umekatika, asizitupe, nitakuja kuzichukua mwenyewe na nitazirudisha.