Zima Tuone

Juzi usiku, saa tano kasoro, namba nisiyoijua ilinitumia picha WhatsApp. Dirisha limetundikwa kanga kwa misumari miwili, na chini yake maandishi yangu mwenyewe ya mwaka 2023. "Habari, bado mnayo? Bei ndiyo hii hii?" Tangazo lile lilishazimwa zamani. Huyu ndugu alilipiga skrinishoti akakaa nalo mpaka leo, labda alikuwa anajenga. Nikamwambia bei imepanda kidogo. Akajibu: "Sawa, nitakutafuta."

Hiyo "nitakutafuta" ndiyo iliyoninyima usingizi. Mama mkubwa alikuwa anaiandika kwa wino mwekundu.

Mama mkubwa ni yule mwenye duka la mapazia Dodoma, karibu na Soko la Majengo, na mimi ndiye ninayemtengenezea matangazo ya mtandaoni. Kabla yangu alikuwa na kijana aliyekuwa "anamsponsia", yaani anamrushia matangazo ya kulipia. Kijana alichukua picha ya sebule moja ya kifahari, sijui ni Uturuki au wapi, akaiweka Instagram na kubonyeza kile kitufe cha kukuza posti. Laiki zikamiminika. Komenti za mioyo na moto, "bei gani?", "mnapatikana wapi?" kutoka Mbeya, Mwanza, mpaka mtu mmoja wa Lubumbashi. Mama mkubwa alinionyesha simu huku amekunja uso. "Huyu wa Mwanza dirisha lake nimpimie kwa macho?"

Sikumlaumu kijana wa watu. Mashine ile ya matangazo inakupa kile unachoiomba, wala haikuongezei. Ukiiomba laiki, inakutafutia watu wenye tabia ya kulaiki, na watu hao wapo wengi na ni wa bei rahisi, kwa sababu kidole hakina gharama. Ukiiomba meseji, inakuletea wanaopenda kuuliza. Mnunuzi ni mtu wa tatu kabisa, na kumpata ni kazi nyingine.

Nilianza na ramani ya mahali tangazo lionekane. Nikachomeka pini katikati ya mji, nikazungusha duara la kilomita 25, Ihumwa ndani, Mtumba ndani, Nkuhungu ndani, nchi nzima nje. Kisha nikatafuta picha. Mteja mmoja wa Ilazo, mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar, alikuwa ameishi miezi na kanga dirishani akisubiri "mambo yatulie". Akaniruhusu niipige kabla fundi hajaitoa. Picha ya simu, mwanga wa jioni, ukuta umepauka kwa vumbi. Nikaandika: "Umeshahamia Dodoma. Kanga irudi kabatini. Dirisha la futi tano kuanzia 65,000 pamoja na kufunga. Tunakuja kupima." Kitufe cha chini kinampeleka mtu moja kwa moja WhatsApp ya duka.

Mama mkubwa aliichukia picha ile. "Mwanangu, mimi nauza vitu vizuri, wewe unanionyeshea misumari?" Na bei je? Nani anaweka bei hadharani, ili wa duka la pili ashushe elfu tano? Nikamwambia bei ndiyo bawabu, anamzuia mlangoni asiye na uwezo kabla hajatupotezea muda. Akaguna. Akakubali dola tano kwa siku, tukabishana siku ya kwanza tu.

Wiki za mwanzo nazipita. Meseji zilikuja, laiki hazikuja. Ilikuwa msimu wa Bunge la bajeti, mji umejaa, nyumba za wageni zimepandisha bei, bajaji hazishikiki.

Ninachokikumbuka vizuri ni usiku mmoja katikati ya Juni, siku chache baada ya bajeti kusomwa. Mama mkubwa aliniita dukani baada ya kufunga. Aliteremsha mlango wa bati nusu, upepo wa Dodoma ukawa unapenya chini na kusukuma vipande vya nyuzi sakafuni. Yeye amekaa juu ya jora la kitambaa cha kijivu, miwani kwenye ncha ya pua, kaunta buku mapajani, kalamu mbili mkononi, ya bluu na nyekundu.

"Nisomee," akasema.

"Nini, mama mkubwa?"

"Hao watu wako. Mmoja mmoja."

Nikafungua WhatsApp ya duka. Nikaanza kusoma majina, na kama hana jina, tarakimu tatu za mwisho. Kila nikitaja mmoja, yeye anafunua kurasa za mauzo, anashusha kidole. Kama mtu alilipa, anaandika kiasi kwa bluu. Kama alisema nitakutafuta, nyekundu. Kama fundi alikwenda kumpima na mtu hakununua, anaandika nyekundu na kuongeza nauli ya bodaboda pembeni. Hilo la nauli sikuwa nimelifikiria kuliweka kwenye hesabu za tangazo, nikatulia kimya kumwangalia anavyofanya.

"Huyu 417?"

"Aliuliza kama kuna rangi ya maziwa."

"Akaambiwa?"

"Akaambiwa ipo. Akasema asante."

"Asante hainunui uzi." Nyekundu.

Tulikwenda hivyo mpaka mafundi wa jirani wakafunga, mpaka redio ya mlinzi ikahamia taarabu. Ukurasa ukawa mwekundu kama mtu aliyemwagikiwa na juisi ya rosela. Lakini kwenye ule wekundu, bluu zilikuwepo, na bluu zilikuwa za nyumba nzima. Mtu wa Kisasa madirisha manne, mtu wa Iyumbu matano na mlango wa nyuma. Wiki ile pekee tangazo lilikuwa limeleta mauzo ya laki saba na themanini.

Nikatabasamu. Nikamwonyesha Ads Manager, ule ukurasa wa kusimamia matangazo: matumizi ya wiki, dola 35.

"Hiyo dola kwa shilingi?"

Dola mwaka ule ilikuwa haishikiki, ilianza na shilingi 2,300 na kitu ikamaliza mwaka imevuka 2,500. Nikamwambia elfu themanini na tatu, na kwa kuwa tangazo lilikuwa linatozwa VAT ya asilimia 18 juu yake, ni kama elfu tisini na nane. Hakuniamini mpaka alipofungua meseji za kadi kwenye simu yake na kuzijumlisha mwenyewe. Zikaja hapo hapo. Akaandika "98" kwa nyekundu, akaizungushia duara.

"Sasa sikiliza. Kwenye laki ya pazia, yangu ni elfu thelathini. Nyingine ni kitambaa, fundi, ringi, bomba. Kwa hiyo laki saba na themanini, yangu ni laki mbili na thelathini na nne. Toa hii tisini na nane. Toa bodaboda za wale waliopimwa wakapotea." Akafunga kalamu. "Imebaki."

"Imebaki, mama mkubwa. Ni faida."

"Nimesema imebaki, sijasema ni yako."

Nimehudhuria semina za masoko ya mtandaoni, moja kwenye ukumbi wa hoteli yenye kiyoyozi na chai ya saa nne, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama yeye alivyouliza baada ya hapo. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge.

"Hawa wa bluu, wangekuja bila tangazo, au wasingekuja?"

Nikaanza kueleza. Kwamba wameandika WhatsApp kupitia kitufe, kwamba mfumo unaonyesha wametoka wapi. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Najua wamepita mlango wako. Nauliza wangekosa mlango mwingine? Bunge lipo. Watu wanahamia kila siku. Duka langu lipo hapa tangu hujaanza shule. Nikiweka kijana barabarani na bango, halafu mtu aliyekuwa anakuja akalisoma bango akaingia, nimlipe kijana?"

Sikuwa na jibu. Wenye kampuni kubwa wanalo jibu la aina yake. Wanagawa watu mafungu mawili, fungu moja linaonyeshwa tangazo na lingine linafichwa, kisha wanalinganisha mauzo ya pande zote. Lakini hiyo inataka watu maelfu kwa maelfu, na sisi tulikuwa na kaunta buku.

"Zima," akasema. "Zima tuone."

Nikamwambia tusizime kienyeji. Mfumo ukishatulia, tangazo likizimwa siku saba au zaidi unaanza kujifunza upya nani wa kumwonyesha, na wakati wa kujifunza pesa huwa inaliwa hovyo. Unataka kama matokeo hamsini, kwetu ni meseji, ndani ya wiki ndipo utulie, na kwa dola tano zetu ilituchukua muda kufika hapo.

"Ijifunze," akasema. "Hata mimi bado najifunza."

Nilishika simu. Kile kitufe kidogo cha bluu kinapozimwa hakilii, hakiulizi, kinageuka kijivu basi. Nikiri kidole kilisita: malipo yangu yalitegemea tangazo kuwa hewani, na ile ilikuwa kodi yangu ya chumba Makole. Mama mkubwa akanikazia macho mpaka nikakibonyeza. Akaandika tarehe na saa kwenye kaunta buku, akapiga mstari chini.

Yaliyofuata ni mafupi. Meseji zilikauka kesho yake, hilo lilitarajiwa. Dukani watu waliendelea kuingia. Siku ya tatu akaja mzee mmoja wa wizarani, suti ya khaki, akaagiza mapazia ya nyumba nzima na ya ofisi yake ya pembeni, oda kubwa kuliko zote za mwezi ule. Mama mkubwa akamuuliza, kwa sauti ya kuhakikisha nasikia, "Mzee wangu, umetujuaje?"

Mzee akafikiri. "Niliona mahali."

Mahali wapi? Hakumbuki. Simu ya mke wake, labda. Au kibao cha pale nje. Au mtu kanisani alimwambia. Mama mkubwa akaniangalia, mimi nikamwangalia mzee, mzee akaangalia vitambaa.

Bunge likaahirishwa mwisho wa Juni. Mji ukapumua, nyumba za wageni zikashusha bei, na duka likapoa. Sasa hapo limepoa kwa sababu tangazo limezimwa, au kwa sababu wageni wameondoka? Tukaliwasha tena Julai. Meseji zikarudi lakini kila moja ikawa ghali kuliko ya Juni, maana duara letu la kilomita 25 lina watu wale wale, na wastani ulionyesha kila mmoja ameshaiona ile kanga zaidi ya mara nne. Wanunuzi walikuwepo, wachache. Kila namba iliyotoka ilikuwa na maelezo mawili, na yote mawili yana akili. Ninawaambia wateja wangu wengine kwamba tangazo lile lilikuwa na faida, na nikiwaambia hivyo nasema ninachokiamini. Ningeapishwa, ningeomba maji kwanza.

Mama mkubwa hakuacha matangazo. Akayapanga kwa akili yake: yanawashwa mishahara inapokaribia kutoka, yanazimwa mwezi unapofika katikati. Picha inabadilishwa kabla watu hawajaichoka, ingawa ya misumari tuliirudisha zaidi ya mara moja kwa sababu hakuna nzuri iliyowahi kuishinda. Na malipo yangu akayageuza. Halipi tena kwa siku tangazo likiwa hewani, analipa asilimia kwa pazia lililofungwa ukutani na pesa ikapokelewa. Nilikataa kwanza. Kisha nikapiga hesabu nikakubali, na kusema kweli miezi mingine napata zaidi.

Tatizo limebaki moja. Katika kaunta buku aliongeza safu mpya, ameiandika MAHALI kwa herufi kubwa, kwa ajili ya wanaoingia dukani na kusema waliona mahali lakini hawajui wapi. Mimi nasema ni wangu nusu. Yeye anasema ni wake wote, kibao alikilipia yeye na halmashauri anailipa yeye. Mwaka jana alinipa robo kwa sababu ilikuwa Krismasi. Mwaka huu tumekaa mara mbili hatujaelewana, na Jumamosi ananiita tena, nije na simu na kikokotoo.